Ukizikata Ngumi, Kinabaki Nini? Aina Nne za Filamu za Mapigano kwa Asiyependa Mapigano

Mtu unayeishi naye anapenda filamu za kung fu, wewe huzipendi. Ukiwaza zile kelele, mtu mmoja akiangusha ishirini waliojipanga kusubiri zamu ya kupigwa, na stelingi ambaye kila mtu anajua hafi, unaona heri ukalale. Kisha siku moja anakwambia, "Hii si ya ngumi tu, ijaribu." Haya, ujaribu ipi?

Shida inaanzia kwenye jina. Tumezoea kuziita zote filamu za kareti, ilhali nyingi hazina kareti hata chembe. Kareti ilitoka visiwa vya Okinawa, Japani, na sehemu kubwa ya filamu hizo ni za Hong Kong, watu wake wakipigana kung fu ya Kichina. Chini ya jina hilo moja kumejificha hadithi za mapenzi yasiyotamkwa, masimulizi ya shule, vichekesho vya watu kuanguka ngazi, na misiba ya watu waliofukarishwa na heshima yao wenyewe. Anayeichukia aina moja anaweza kushangaa alivyoipenda nyingine.

Nimechukua aina nne: hadithi za upanga za Kichina ziitwazo wuxia, filamu za mafunzo, vichekesho vya kung fu, na filamu za samurai, yaani wapiganaji wa upanga wa Japani ya zamani. Hii ya mwisho wapo watakaosema haimo kwenye kundi hili. Mimi naiweka, kwa sababu kwa mtu asiyependa mapigano huenda ndiyo yenye mengi zaidi.

Vipimo

Cha kwanza nakiita kipimo cha mkasi. Chukua mkasi kichwani mwako, ukate kila pigano kwenye filamu, kisha utazame kilichobaki. Je, bado kuna kitu cha kukukalisha?

Cha pili: mapigano yenyewe yana habari? Kwenye filamu za muziki, mtu huanza kuimba pale maneno yanapomwishia. Pigano zuri hufanya kazi hiyohiyo. Ukilitoka unajua jambo juu ya watu hao ambalo hukulijua ulipoliingia. Pigano lisilo na habari ni pambo, na asiyependa mapigano hana sababu ya kulivumilia.

Cha tatu ni subira: urefu, mwendo wa hadithi na mzigo wa kusoma maandishi chini ya skrini. Cha nne ni kero, maana kila aina ina yake, na hapo ndipo inapojulikana inamfaa nani.

Wuxia: upanga na maneno yasiyosemwa

"Wu" ni mambo ya vita. "Xia" ni mtu wa upanga anayetetea wanyonge bila kutumwa na serikali. Ni hadithi zilizokuwa vitabuni zamani kabla ya sinema, na watu wake wanaishi katika ulimwengu wa wazururaji uitwao jianghu, yaani mito na maziwa, ambako sheria ni ahadi uliyompa mwenzako.

*Kinachobaki.* Mengi. Chukua Crouching Tiger, Hidden Dragon ya Ang Lee, ya mwaka 2000. Kata mapigano yote, utabaki na mwanamume na mwanamke wa makamo wanaopendana miaka mingi na hawajawahi kusema. Mwanamke alikuwa amechumbiwa na ndugu wa kiapo wa huyo mwanamume, mchumba akafa, na wote wawili wanaona kwamba kupendana ni kumsaliti marehemu. Wanakunywa chai, wanazungumzia upanga, na wewe uliyekaa kwenye kochi unatamani kuwapigia kelele waseme. Zaidi ya hapo kuna mandhari na muziki. Filamu hiyo ilipata tuzo 4 za Oscar, zikiwemo za filamu bora ya lugha ya kigeni, upigaji picha na muziki. Ile sauti ya selo unayoisikia ni ya Yo-Yo Ma.

*Mapigano yana habari?* Hapa ndipo ilipo nguvu yake. Kuna pigano la wanawake wawili uwanjani. Mdogo ana upanga usioshindwa, tena wa wizi. Mkubwa anachukua silaha moja ukutani, inakatwa, anachukua nyingine, nayo inakatwa. Mwishowe ana kipande tu mkononi, na ni kipande hicho anachokifikisha shingoni mwa mdogo, kisha anasita. Mdogo anatumia kusita huko kumjeruhi. Hakuna hotuba ambayo ingekueleza vizuri zaidi nani kati yao ni mtu mzima. Na lile pigano maarufu juu ya mianzi, watu wawili wakining'inia kwenye matawi yanayopinda, ni mabishano tu: mmoja anataka kuwa mwalimu, mwingine hataki kumilikiwa na yeyote.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba katika aina hizi nne, ni hapa wanawake wana nafasi kubwa kuliko pengine. Michelle Yeoh, aliyeigiza yule mkubwa, alisomea baleti kabla ya kuingia kwenye filamu. Cheng Pei-pei naye alikuwa na mafunzo ya baleti, naye ndiye nyota wa Come Drink with Me ya mwaka 1966. Ukiwatazama, sahau ngumi, tazama migongo yao na namna wanavyogeuka.

*Subira.* Inategemea. Crouching Tiger ina saa mbili, na takriban robo saa ya mwanzo ni mazungumzo matupu. Hero ya Zhang Yimou, ya mwaka 2002, ni fupi zaidi: inasimulia tukio lilelile mara kadhaa, na kila simulizi ina rangi yake, nyekundu, buluu, nyeupe. Lakini A Touch of Zen ya King Hu, ya mwaka 1971, inakaribia saa tatu, na utasubiri karibu saa nzima kabla mtu hajachomoa upanga. Nilipoijaribu mara ya kwanza nililala. Mara ya pili nilikuwa nimekunywa kahawa, nikaona ni kosa langu.

*Kero.* Watu wanapaa. Wanakimbia juu ya maji na kuruka mapaa. Kama hilo litakuudhi, jiulize mbona ulipokuwa mtoto hukuuliza sungura wa hadithi alijifunza wapi kusema. Kero nyingine ni huzuni: wuxia nyingi hazimalizi kwa harusi. Na Hero ina mwisho ambao wengine wanauona unamtukuza mtawala wa mabavu. Inamfaa mtu wa mapenzi ya taratibu, mpenzi wa picha nzuri, na yeyote aliyewahi kunyamaza pale alipotakiwa kusema.

Filamu za mafunzo: raha ya kuona mtu akijifunza

*Kinachobaki.* Muda. Mfano mkuu ni The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka 1978, iliyoongozwa na Lau Kar-leung, mtu aliyefundishwa kung fu na baba yake mzazi na aliyejua anachokionyesha. Kijana anatoroka mauaji, anaingia hekalu la Shaolin akiwa na njaa ya kisasi, na anataka kufundishwa haraka. Hekalu lina vyumba 35 vya mafunzo. Anaomba aanzie cha juu kabisa, anashindwa papo hapo, na anarudishwa cha kwanza. Kazi ya chumba hicho si kupigana. Ni kuvuka maji kwa kukanyaga vijiti vinavyoelea ili ufike chumba cha chakula. Anatumbukia, anakula akiwa ameloa. Kesho yake anatumbukia tena.

Sehemu kubwa ya katikati ya filamu ni hivyo tu. Anabeba ndoo za maji huku visu vimefungwa mikononi ili asithubutu kushusha viwiko. Anagonga kengele kwa nyundo yenye mpini mrefu usiobebeka. Kwa maelezo, inachosha. Kwa macho, huwezi kuacha kutazama, kwa sababu ileile inayomfanya mtu asimame kando ya fundi seremala na kusahau alikokuwa akienda.

*Mapigano yana habari?* Ndiyo, ila habari yake ni moja: "ona sasa nimeweza." Unatambua kila kiungo. Ule mkono ulionyooka umetoka kwenye ndoo, ile miguu imetoka kwenye vijiti. Ni raha ya mtihani ambao uliuona ukisomewa.

The Karate Kid ya mwaka 1984 ilitumia dawa hiyohiyo kwa kijana wa Kimarekani anayedhani amegeuzwa kibarua: kung'arisha magari, kusugua sakafu, kupaka uzio rangi. Lakini tukio lake bora halina ngumi hata moja. Usiku mmoja mwalimu, Bwana Miyagi, amelewa, amevaa sare yake ya jeshi, na kijana anagundua kwamba mzee huyu alipokuwa akiipigania Marekani vitani, mke wake alifariki akijifungua, pamoja na mtoto, ndani ya kambi ambako Marekani hiyohiyo iliwafungia watu wenye asili ya Japani. Pat Morita aliteuliwa kuwania Oscar kwa uigizaji huo. Baada ya hapo, kushinda au kushindwa kwenye mashindano si jambo kubwa tena.

*Subira.* Ndogo. Ya 1984 iko kwa Kiingereza. Ya 1978 ni ya Kichina, lakini maneno ni machache na mazoezi yanajieleza.

*Kero.* Unajua mwisho tangu dakika ya kumi. Filamu za studio za miaka ya 1970 zina kuta zinazoonekana ni za kupakwa rangi na kamera inayorukia nyuso kwa pupa. Ila kero yangu kubwa ni nyingine: aina hii ina tabia ya kusifu mateso. Mwalimu anamtesa mwanafunzi, mwanafunzi anashukuru, nasi tunapiga makofi. Ukitazama na mtoto, zungumza naye jambo hilo. Inamfaa anayejifunza kitu kigumu sasa hivi, ala ya muziki au lugha, na anayehitaji kuona kwamba kutumbukia ni sehemu ya kazi.

Vichekesho vya kung fu: vita na samani

*Kinachobaki.* Karibu hakuna. Niseme ukweli, kwa kipimo cha mkasi aina hii inafeli vibaya. Ukikata mapigano unabaki na polisi anayemfukuza tajiri mwovu, mchumba aliyekasirika, na mzaha fulani kuhusu keki.

Na bado ndiyo aina ninayowapa kwanza watu wasiopenda mapigano.

*Mapigano yana habari?* Sababu ni kwamba hapa pigano si pigano. Ni fumbo. Jackie Chan anapozingirwa huwa hataki kupigana, anataka kutoka chumbani. Kati yake na mlango kuna watu saba, kiti kimoja na ngazi. Atafanyaje? Unaanza kuvitazama vitu vya chumbani kama yeye: kile kiti kinaweza kuwa ngao, ile koti inaweza kufunga mikono miwili kwa mpigo. Alikulia katika shule ya opera ya Kichina huko Hong Kong pamoja na Sammo Hung na Yuen Biao, wakifundishwa sarakasi, uimbaji na upiganaji, na amewataja Buster Keaton na Harold Lloyd wa sinema bubu kuwa walimu wake wa mbali. Katika Project A ya mwaka 1983 ananing'inia kwenye saa ya mnara kisha anaanguka, na anayejua atamkumbuka Lloyd akining'inia kwenye saa mwaka 1923.

Kingine ni maumivu. Stelingi wa kawaida hupiga mtu ngumi kisha mkono wake uko salama salimini. Huyu hupiga, akaupuliza mkono, akaukung'uta, akakunja uso. Ni stelingi anayeumia, na hilo peke yake linambadilisha mtazamaji. Kisha, majina ya waigizaji yanapopita mwishoni, anakuonyesha picha zilizoharibika: kuruka kulikoshindikana, watu wakimkimbilia. Katika Police Story ya mwaka 1985 aliteremka kwenye nguzo iliyozungushiwa taa za umeme na kuungua viganja. Tazama pia mahali kamera inapokaa. Iko mbali, imetulia, unaona mwili mzima kuanzia unyayo. Filamu nyingi za siku hizi hukata picha kila nusu sekunde kwa sababu zina jambo la kuficha.

*Subira.* Hakuna inayohitajika. Nyingi ni kama saa moja na nusu, na kuanguka hakuhitaji tafsiri.

*Kero.* Hadithi ni nyepesi, nimeshasema. Vichekesho kuhusu wanawake vimezeeka vibaya: wachumba wanasukumwa, wanadanganywa, na tunatakiwa kucheka. Kung Fu Hustle ya Stephen Chow, ya mwaka 2004, inampa mama mwenye nyumba mkali nguvu kuliko wanaume wengi, lakini ina damu zaidi ya inavyotarajiwa na watoto wadogo wasiitazame. Aina hii inamfaa aliyechoka, familia ya umri mchanganyiko, na mpenzi wa dansi au mpira, yaani yeyote anayefurahia kuona mwili ukifanya jambo lisilowezekana.

Samurai: kusubiri, deni na upanga wa mwanzi

*Kinachobaki.* Karibu filamu nzima. Seven Samurai ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1954, ina dakika 207, na kiini chake ni mkataba wa ajira. Wanakijiji maskini wanataka walinzi dhidi ya majambazi, na mshahara wao ni wali tu. Wenyewe wanakula mtama ili wageni wapate wali. Katikati ya filamu samurai wanagundua kwamba wakulima hao wanyonge wameficha silaha na mavazi ya samurai waliowaua siku za nyuma. Wanaghadhibika. Kisha mmoja wao, yule mropokaji, anawageukia wenzake akiwaka: wakulima ni waongo, ni wachoyo, ni wauaji, lakini nani aliwafanya hivyo? Ni nyinyi, mliochoma vijiji vyao na kunajisi wake zao. Tunaelewa kwamba yeye mwenyewe ni mtoto wa mkulima. Hakuna upanga uliochomolewa, na hakuna pigano katika filamu hiyo linalofikia uzito wa dakika hizo.

Harakiri ya Masaki Kobayashi, ya mwaka 1962, kwa sehemu kubwa ni watu waliokaa chini wakizungumza. Samurai asiye na bwana anafika kwenye nyumba ya ukoo mkubwa akiomba mahali pa kujiua kwa heshima. Wenyeji wanamwona tapeli anayetafuta kupewa sarafu aondoke, wanamsimulia habari za kijana aliyetangulia, waliyemlazimisha kujiua kweli kwa upanga wake, nao ulikuwa wa mwanzi. Kumbe kijana alikuwa ameuza ule wa chuma kwa sababu ya mgonjwa nyumbani.

*Mapigano yana habari?* Mapigano ni machache, na ndiyo maana. Miaka 40 baada ya Harakiri, Yoji Yamada alitoa The Twilight Samurai, na mwanzi ukarudi. Shujaa wake ni mjane mwenye binti wawili na mama aliyepoteza kumbukumbu. Wenzake wakienda kunywa, yeye anawahi nyumbani, usiku anatengeneza vizimba vya wadudu apate senti za ziada. Anaamriwa kwenda kumuua mtu aliyejifungia nyumbani. Anaingia, na yule mtu anamkaribisha akae. Wanaongea gizani, juu ya umaskini, juu ya mabinti. Kwa dakika kadhaa unaamini wataachana salama. Kisha shujaa anakiri kwamba aliuza upanga wake mrefu kulipia mazishi ya mkewe, ndani ya ala mna mwanzi. Neno hilo ndilo linaloleta pigano.

*Subira.* Kubwa kuliko aina zote hapa. Nyingi za zamani ni nyeusi na nyeupe, zote zinahitaji kusoma, na Seven Samurai inataka mchana wako wote. Ina mapumziko katikati, yatumie.

*Kero.* Uzito. Hazichekeshi sana, ingawa Seven Samurai ina mzaha kuliko sifa zake. Wanawake wengi wako pembeni. Harakiri ina tukio moja la kutisha ambalo hutalisahau, na usiitazame ukiwa na huzuni. Inamfaa msomaji wa riwaya, mtu wa mambo ya haki na tabaka, na mtu mzima anayelea watoto na wazazi kwa pamoja.

Wengine kwa ufupi

Utaulizwa kuhusu Bruce Lee. Mvuto wake nje ya ngumi ni yeye mwenyewe: hasira ya mtu aliyedharauliwa kwa ajili ya taifa lake, hasa katika Fist of Fury ya mwaka 1972. Ip Man ya mwaka 2008, kuhusu mwalimu wa Bruce Lee, iko njia hiyohiyo, nzuri kwa mtu wa historia mradi asiichukue kuwa historia. The Raid ya Indonesia, ya mwaka 2011, ni kazi ya ajabu, lakini ukikata mapigano unabaki na jengo. Iache kwanza.

Kwa hali yako

Kama umechoka na unataka kucheka leo, anza na Project A. Ukiwa na kijana wa miaka kumi na kitu anayetaka kuacha masomo ya kitu kigumu, The Karate Kid, kisha The 36th Chamber wiki inayofuata akiwa ameshanasa.

Ukitazama filamu kwa ajili ya picha na sauti, tafuta skrini kubwa uwezavyo uweke Hero. Ukipenda hadithi za mapenzi, Crouching Tiger, na usisome chochote kuhusu mwisho wake.

Ukiwa peke yako, una jioni tulivu na akili yako iko macho, Harakiri. Usiianzie Seven Samurai kama hujawahi kusoma maandishi ya skrini kwa zaidi ya saa moja, maana utaikatia tamaa bure.

Na kama mko wawili, mmoja anataka mapigano na mwingine hayataki, jaribuni The Twilight Samurai. Mpenzi wa mapigano atanung'unika kwamba saa nzima imepita na mtu anatengeneza vizimba tu. Mwambie asubiri ile nyumba yenye giza.